Ufagio wa Bibi Gudule

"Huyo bibi mwenye ufagio naweza kumwajiri?"

Mlinda mlango wa ukumbi wa maigizo alimtazama Bwana Poncet, akaangua kicheko. "Mwajiri tu, mzee! Yuko hapo nyuma ya jukwaa, ngoja nikuitie."

Bwana Poncet hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, ndiyo kwanza amehamia Paris kutoka Limoges, na tangu azaliwe hajawahi kuona komedia. Alikuwa na miaka sitini na mke wa miaka ishirini, mzaliwa wa jiji, na usingizi ulikuwa umempaa kwa hofu ya kuibiwa mke. Leo jukwaani ameona dawa: yaya mzee, mkali kama pilipili, akiwatwanga watongozaji kwa ufagio mpaka wanarukia madirishani.

Njiani kurudi nyumbani akamweleza mkewe, Sidonie. Sidonie alishika kifua.

"Yule bibi? Mume wangu, niletee mbwa, niletee askari, lakini yule hapana!" Akaficha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika.

Loo! Hapo Bwana Poncet akajua kapatia.

Bibi Gudule alihamia kesho yake, na masharti yake mkononi. Alasiri za maonyesho aachiwe akaigize. Asubuhi aletewe maji ya moto. Usiku alale chumbani mwa Sidonie, mlango ufungwe kwa ndani.

"Kwa ndani tena?"

"Sasa bwana, unadhani wezi wa wake wanabisha hodi?"

Bwana Poncet akakubali yote. Yeye mwenyewe akawa anaruhusiwa kuingia Jumapili tu, tena kwa kubembeleza.

Kazi lakini ilifanyika, hakuna ubishi. Mshairi mmoja aliyekuja kuimba chini ya dirisha alionja ufagio, akakimbia na kiatu kimoja. Mwingine alimwagiwa ndoo nzima ya maji machafu. Vijana wa mtaa wakaanza kupita upande wa pili. Sidonie naye akanawiri, akawa anaimba kutwa, hata matembezi hataki tena. Bwana Poncet akalala fofofo. Jamani, mke mwaminifu raha!

Siku daktari aliposema Sidonie ni mjamzito, mzee alitoka mbio bila kofia hadi ukumbini, machozi ya furaha yakimtoka. Nani mwingine wa kumsimamia mtoto huyu ubatizo kama si Bibi Gudule? Akapita nyuma ya jukwaa, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akausukuma mlango.

"Bibi Gudule! Nimepata mrithi!"

Gauni la bibi lilikuwa limetundikwa msumarini, na mvi zake zote zilikuwa juu ya kiti. Mbele ya kioo, kifua wazi, kijana mmoja mtanashati alikuwa ananyoa ndevu.

"Hongera, bwana wangu," alijibu kwa sauti ya Bibi Gudule. "Sasa funga huo mlango, baridi inaingia."