Kochi la Bi Mize

Siku hizo kila kitu cha mkopo kilipewa ulimi. Ukikigusa, kinajitaja ni cha nani, na kukinyamazisha ni kosa.

Ndiyo maana siku ya posa ya bintiye Zuhura, Bi Mize alitandika sebuleni mkeka wake wa ukindu, usio na deni wala ulimi, ili asiaibike mbele ya wakwe. Kochi akalifunika vitambaa vya kufuma, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayeziba mdomo wa mbeya. Lakini mshenga, Mzee Shahasi, aliuruka mkeka kwa madaha, akajibwaga kochini na makalio yake yote.

"Karibu mgeni," kochi likasema chini ya vitambaa. "Mimi ni mali ya Kampuni. Bi Mize hajamaliza kulipa."

Mshenga akacheka mpaka kofia ikalala upande. "Lo! Kumbe tumekuja kuposa nyumba ya kuazima!"

Bi Mize akalitazama sanduku la posa aliloleta mshenga. "Haya baba, fungua na lako tuone."

Mzee akasita, kisha akagusa kitasa.

"Hodi," likasema sanduku. "Mimi ni mali ya Kampuni."

"Kumbe ndugu yangu!" kochi likapaza sauti. "Za huko?"

Basi vikaamkiana, vikaulizana hali, vikapanga hata siku ya arusi, na wazee wazima wameinamisha vichwa kama kuku walionyeshewa.

"Na binti, ni wetu?" likauliza sanduku.

"Bado. Lakini kitanda cha arusi watakopa kwetu."

Zuhura akainuka polepole, akaenda kukaa mkekani, katikati kabisa.