Besi ya Mbaruku

Mbaruku alikuwa amepiga gitaa la besi miaka thelathini, na sauti yake aliitafuta kwa masikio tu. Siku bendi ilipoingia studio, fundi mitambo, binti aitwaye Zawena, alimwonyesha mistari kwenye kompyuta.

"Besi yako imejaa pomoni, mzee. Vipimo ndivyo vinavyosema."

"Vipimo havina masikio, binti yangu. Mimi naisikia nyembamba kama mbu."

Akaiongeza mwenyewe mpaka madirisha yakatetemeka. Chande, mpiga ngoma na rafiki yake tangu ujana, akaziba masikio.

"Ndugu yangu, unatuua!"

Mbaruku akaduwaa. Kompyuta angeweza kubishana nayo, lakini Chande hakuwahi kumdanganya. Zawena akairudisha besi ilipokuwa, akawachezea wimbo mzima. Wenzake wakatikisa vichwa kwa raha. Yeye alisikia ngoma na mwimbaji tu.

"Sasa je?" Chande akamwuliza taratibu.

Mbaruku aliinama mpaka taya likagusa mbao za gitaa, akaupiga uzi mnene. Sauti ikampanda mifupani, nzito kama zamani. Akafumba macho, akaupiga tena, huku wenzake wakingoja jibu.