Dhamana ya Miaka Mitatu

Hivi wewe, ukiulizwa jambo la ndiyo au hapana tu, unaweza kuzungusha maswali mpaka chai ya mwenye duka ikapoa? Basi mshonaji alifanya hivyo, siku aliyokwenda kumnunulia binti yake kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikwisha kuchaguliwa. Ilikuwa juu ya kaunta, ndani ya boksi lake, na binti ameiwekea mkono kama anayemzuia kuku asiruke. Ile ya kwanza, ya mtumba, ilizima moja kwa moja ikiwa na kazi zake zote za chuo, na mwaka ule akaurudia. Hii ya pili ilikuwa jasho la sare za shule mia moja na arobaini. Mama yake alizishona mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Ya tatu haikuwepo, wote wawili walijua.

"Imebaki waranti tu," muuzaji akasema. Alikuwa baba wa makamo, amevaa shati la sare la buluu lenye vikanda mabegani, na funguo za makabati zikining'inia kiunoni. "Ya kawaida ni mwaka mmoja. Ukilipia hii ya nyongeza na kutia saini hapa, inakuwa mitatu."

Mshonaji akachukua kalamu. "Waranti ndiyo nini, baba?"

"Ni dhamana, mama. Unaiwekea dhamana, basi ikipata matatizo sisi tunashughulika nayo."

Kalamu ikarudi juu ya kaunta. Mshonaji akawa anayatazama yale mabega, jinsi vikanda vilivyoshonwa kwa uzi mara mbili.

"Mama, ni saini tu," binti akanong'ona. "Hela ya nyongeza si tunayo?"

"Tunayo."

Wanaomjua wangeshangaa. Huyu alikuwa mwanamke wa neno moja. Akishakata kitambaa, amekata. Zamani methali yake ilikuwa ile ya asiyefunzwa na mamaye. Aliwaimbia hiyo watoto wake wawili asubuhi na jioni, kaka mtu zaidi, maana alikuwa na miguu ya kuzurura. Tangu kijana huyo azikwe, miaka kumi sasa, methali ile haijatoka tena kinywani mwake. Homa, majirani waliambiwa. Homa ya usiku mmoja. Binti, aliyekuwa darasa la nne, aliambiwa hivyo hivyo.

"Ikipata matatizo," mshonaji akauliza, "inalala huku kwenu?"

"Siku moja, mbili. Inategemea."

"Inalala wapi?"

Muuzaji akaonyesha kwa kidevu mlango wa chuma kule nyuma. "Chumba kile. Tunapiga kufuli, hakuna wa kuigusa."

"Una hakika hakuna wa kuigusa?"

"Mama," binti akasema.

"Niache niulize, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Kuna baridi mle ndani?"

Muuzaji akacheka, wala si kwa ubaya. "Kompyuta inapenda baridi kuliko mimi na wewe, mama."

Binti naye akacheka, kwa kuficha aibu. "Msamehe, baba. Huyu nyumbani hata cherehani anaifunika shuka ikilala."

Mshonaji hakucheka. Alikuwa ameokota kipande cha uzi kwenye mkono wa gauni lake, anakiviringisha vidoleni.

"Na nikisema leo hapana, halafu nikaja kesho asubuhi na mapema?"

"Njoo tu. Kesho utaikuta palepale."

"Nitaikuta," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi uliopikwa na mwingine.

"Kesho alfajiri mimi narudi chuoni, mama, nayo naondoka nayo," binti akasema. "Ni leo au basi. Ikizima tena, mimi shule nimeiaga."

Nyuma yao mteja mwingine alikohoa. Muuzaji akaisogeza ile fomu, akaigeuza imwelekee mshonaji, akagonga kwa kidole mahali pa saini. Funguo zikalia kiunoni.

"Basi niambie neno moja tu, mama. Unaiwekea dhamana, au tuiache hivyo hivyo?"

Binti akataka kuushika mkono wa mama yake, mkono ule unaotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini mama yake alikwisha kusimama wima, amejishikiza kaunta, na macho yake yametoka kwenye yale mabega ya buluu yakapanda mpaka usoni mwa muuzaji.

"Namwekea, afande," akasema. "Jana nilisema mwacheni alale humo mahabusu ajifunze. Nimekuja. Mfungulieni mwanangu twende nyumbani."