Kasha Lililojua Kupika Sabuni

Kila robo saa Mama Kasha, kama wenzake walivyomwita, aliegemeza sikio kwenye kasha la chuma, akatikisa kichwa kama aliyeambiwa siri, kisha akaenda kuzungusha vali ya mvuke.

"Limesemaje?" mhandisi akamtania.

"Limesema upunguze maswali, mwanangu. Sabuni inakaribia kushika."

Kiwanda kilikuwa kimemleta mhandisi aling'oe kasha hilo. Ndilo lililoongoza upishi wote. Likitaka jambo huvuma, wafanyakazi walisema, na mvumo wake aliujua mama peke yake. Waliolitengeneza walikuwa ng'ambo, simu hawapokei, na mkataba wao ulikataza mtu mwingine kulifungua. Mahali pake ingekaa kompyuta ya kawaida, yenye programu ambayo fundi yeyote angeweza kuisoma na kuirekebisha.

Ila kwanza ilibidi ajue kasha linavyoamua. Akalisoma kwa nje, wiki tano, kama mposaji anayechunguza nyumba ya watu.

Alichokiona kilimwacha kinywa wazi. Mafuta yakija machafu, kasha lilichelewesha mvuke. Wingu likitanda, liliuongeza kabla tangi halijaanza kupoa. Siku moja lilikosea, likajirudi povu likiwa ukingoni.

"Lina akili kutuzidi sote," alimwambia meneja.

"Na yule mama?"

"Yeye anatii tu. Kompyuta itazungusha vali yenyewe."

"Basi Ijumaa tumuage."

Mhandisi akajuta kufungua mdomo. Mama huyo alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Ijumaa asubuhi kompyuta ikapika tangi zima peke yake, bila doa. Watu wakapiga makofi, na Mama Kasha akawashinda wote.

"Imenikosha," alisema. "Hata pale ilipopunguza mvuke. Hapohapo hasa!"

Saa sita mkataba wa kasha ukaisha. Mhandisi akaja na bisibisi, hamu imempanda hadi kichwani.

"Lazima ulifungue?" mama akauliza.

"Nataka niione akili hiyo kwa macho yangu, mama."

Mama akashusha pumzi. "Haya. Ila usije ukaninunia. Na hiyo bisibisi weka chini, ufunguo ninao."

Mlango ukalia, ukafunguka. Mbele ya waya zilizotafunwa na panya palikuwa na mwavuli, ndala za akiba, na sweta ya kufuma iliyobakiza mkono mmoja.

"Lilikufa miaka sita iliyopita," mama akanong'ona. "Mkasema fundi wake yuko njiani, nikaona nilishikie zamu kidogo."