Utosi wa Makokha

Katika mji wetu mwanamume mwenye kipara haruhusiwi kufanya kazi. Kamera ya kazini humtazama utosini, na ikiona ngozi humhesabu kuwa mzee, lango lisifunguke. Makokha, fundi wa kreni, amemeza kidonge cha nywele kila asubuhi tangu alipooa. Watoto wake wanakula kwa nywele hizo.

Baba yake alipozikwa, ikafika siku ya wafiwa kunyolewa. Shangazi yake alishika wembe.

"Shangazi, ninyoe pembeni tu."

"Kwani baba yako alikufa pembeni? Inama!"

Watu wakacheka. Nanjala, mkewe, hakucheka. Miezi ya karibuni yeye ndiye aliyekuwa akikung'uta nywele za mumewe kwenye mto wa kulalia. Daktari alikuwa amewaonya kwamba kidonge hicho kikimezwa miaka mingi huweza kupungua nguvu.

"Omba ruhusa usinyolewe, baba watoto," alimnong'oneza. "Zisipoota tena?"

"Nimkatalie baba yangu nywele kwa kuogopa kamera? Zitaota!"

Akainama.

Lango huwasamehe wafiwa wiki mbili tu. Asubuhi ya kurudi kazini, Makokha aliketi jikoni akiwa amevaa sare, na Nanjala akampapasa kichwa. Juu ya masikio nywele changa zilimchoma kiganja. Kiganja kikapanda hadi utosini, kikateleza.

"Vipi, zimeota?"

Nanjala aliuacha mkono pale pale, akiwa ameufunika utosi wote.

"Meza kidonge chako kwanza," akasema.