Hodi ya Lugendo

Bendi ya mwimbaji Lugendo ilianza kwa kupiga harusini na kulipwa pilau, gita lao limebaki nyuzi nne. Kisha wakatoa wimbo wa shida zao hizo, unaoanza, "Hodi mama, nimerudi," na nchi nzima ikaushika. Siku hizi sheria ni hiyo: bendi ikishapata jina, sauti ya mwimbaji huchukuliwa ikatiwa mitamboni, na mwenyewe haachiwi hata ya kuombea maji. Nyamizi, mama yake Lugendo, aliambiwa, akaona ni umbea wa watu.

"Shoga, mwanao kawa mkubwa," Siwema, jirani yake, alimtania. "Hata choo cha stendi kinaniimbia."

Kila redio ilipopiga hodi, Nyamizi aliitika karibu akakimbilia mlangoni, akakuta uwanja mtupu. Mwishowe akachoka.

Jioni moja mlango uligongwa taratibu.

"Nani?"

Kimya.

"Kama ni wa heri, piga hodi."

Ukagongwa tena. Papo hapo redio ya Siwema ikaimba, "Hodi mama, nimerudi."

"Hamnichezei tena," alisema Nyamizi, akatia komeo.

Asubuhi alikuta kizingitini kitenge kipya, na juu yake gita lenye nyuzi nne.