Ramani ya Saa Nne

"Nipe rangi tu, dada," nahodha wa boti za uokoaji alisema kwenye simu. "Ikiwa nyekundu, tunatafuta mpaka kesho. Ikiwa buluu, nawarudisha vijana. Kwenye baridi ile mtu hamalizi hata nusu siku."

"Saa nne utaipata," mchora ramani alijibu.

Hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini: kukusanya vipimo vya maboya na picha za setilaiti. Joto la bahari likizidi kawaida siku tano mfululizo, anapaka nyekundu. Baridi ikizidi, buluu. Ila leo ndani ya maji hayo alikuwamo mume wake, fundi mitambo, aliyeanguka kutoka melini jana alfajiri akiwa amevaa jaketi la kuokolea.

Ujumbe uliingia, wa binti yake: *Mama, kweli baba anarudi leo?* Aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Mwenzake wa meza ya pili, waliyembandika jina la Kipimo kwa kubishania kila nusu digrii, alimsogezea kikombe cha chai. Mchora ramani, mama wa watu, alikuwa akichapa kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kwenye bandeji.

"Bafu lenu hilo! Umeteleza mara ya tatu mwaka huu. Litakuja kukuua." Kisha Kipimo akashusha sauti. "Sikia, dada yangu. Siku zote nasema namba haiguswi. Sasa mimi natoka kidogo kunyoosha miguu. Nitakachokikuta nikirudi, nitakitia saini. Sijaona, sijasikia."

Kipimo kusema hivyo? Makubwa!

Mlango ukafungwa. Aliogopa, aliogopa kweli kweli. Aliwaza kufukuzwa kazi, akawaza mahakama, akauwaza uso wa mama mkwe. Akamwaza binti yake. Basi akashika kipanya, akaanza kubadilisha namba, boya moja baada ya jingine, huku akinong'ona, "Mungu nisamehe."

Saa nne kasoro dakika moja, akaituma ramani.

Nahodha hakukawia kupiga.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Nawarudisha vijana."

Mchora ramani alishukuru, akakata simu. Ilibaki kazi moja tu kwa mkono wake mzima: kuifuta ramani halisi ya asubuhi ile, nyekundu ukingo hadi ukingo.